Hivi "feck" ya Waairishi ni tusi au siyo?

Karani wa Bandari #1

Wakuu, salaam.

Kuna madai yanarudiwa kila Mswahili akifika Dublin, au akipata bosi Mwairishi huko London au Perth: eti watu hawa wanatukana tangu jua linachomoza, mbele ya watoto, mbele ya padre. Mimi napinga. "Feck" siyo tusi. Ni kama sisi tunavyosema "mamae!" Kila mtu anajua kilichokatwa hapo, lakini kilichobaki mdomoni ni kibogoyo.

Ushahidi: ile komedi ya mapadre watatu kisiwani, "Father Ted", iliyorushwa na Channel 4 ya Uingereza kati ya 1995 na 1998. Padre mzee mlevi amekaa kitini anafoka "feck!" na hakuna aliyemziba kwa mlio. Neno zima la Kiingereza, lile lenye u badala ya e, lisingepita hivyo.

Maswali mawili. Limetoka wapi? Na mgeni akilichukua, litamchoma wapi?

Kiboko ya Sarufi #2

Umeanzia katikati, mkuu. "Feck" ziko tatu.

Ya kwanza ni kuiba, hasa kudokoa vitu vidogo: mtoto ka-feck matofaa ya jirani. James Joyce kaitumia kwa maana hiyo kwenye riwaya yake ya 1916, watoto wa shule wanaambizana kuhusu pesa iliyodokolewa. Ya pili ni kutupa au kurusha: "feck it in the bin", litupe huko. Ya tatu ndiyo hiyo unayoisema wewe.

Mbili za mwanzo hazina ukali kabisa. Bibi wa miaka themanini anazisema akitoka kanisani. Kwa hiyo hilo "tusi" lilipokuja lilikuta kiti kimeshawekwa.

Na kabla hajatokea wa kuniletea "feckless": hiyo ni ukoo mwingine, ni ya Waskoti, ni "effect" iliyokatwa kichwa na mkia.

Mwanamaji Mstaafu #3

Si ni Kiairishi chenyewe? "Feic", yaani kuona. Mtu anasema "ona!" kwa hasira. Mbona rahisi.

Kiboko ya Sarufi #4

@Mwanamaji Mstaafu sauti zinafanana, hapo hujakosea. "Feic" hutamkwa karibu sawa na "fek". Ukikuta kitabu cha Kiairishi kimeandika "feic leathanach 5", kinakwambia tazama ukurasa wa 5, hakikufukuzi. Lakini kufanana siyo kuzaliana. Nionyeshe njia ya kutoka "ona" hadi "potelea mbali". Haipo. Watu wamechukua neno zito wakabadilisha irabu moja, basi.

Chai Maziwa #5

Wueh, kwa hivyo notisi ya ofisi ikiandikwa "feic" nisiende HR?

Lakini Kiboko, hiyo ya kubadilisha irabu haielezi "shite", yaani "shit". Hapo irabu imebadilika na neno halijapoa hata kidogo.

Kiboko ya Sarufi #6

@Chai Maziwa kwa sababu "shite" haikubadilishwa ili ipoe. Ndiyo sura ya zamani yenye irabu ndefu, na Waskoti na Waingereza wa kaskazini wanayo pia. Kiingereza cha Ayalandi kimehifadhi vitu vingi vya karne ya 17 ambavyo London walivitupa. Wazee wa mashambani walisema "tay" kwa chai, na "Jaysus" kwa Yesu iko palepale.

Dada wa Shannon #7

Mmelikimbia swali la pili la mleta uzi. Haya, uzito, kwa kipimo cha kwetu:

"Eejit" ni zoba, bwege wa mapenzi. Mama anamwita mwanawe huku anamfunga kamba za viatu. Asili yake ni "idiot", d imelainika ikawa j, kama ilivyolainika kwenye "soldier" kwa Waingereza wote. Sasa angalieni: "idiot" ikitamkwa kwa ufasaha, na d yake, ni nzito kuliko "eejit". Mgeni anayejitahidi kutamka vizuri kama alivyofundishwa shule anageuza utani kuwa dharau. Hili ndilo kosa la kwanza, na linafanywa na watu wenye Kiingereza kizuri.

"Gobshite" inapanda. "Gob" ni mdomo (kwa Kiairishi ni mdomo wa ndege pia), nusu nyingine ni kinyesi. Ni mtu anayeropoka asichokijua. Ukimsema asiyekuwepo ni mazungumzo ya kawaida ya chai. Ukimwambia usoni bila kutabasamu, jiandae.

"Bollix" ni mapumbu. Mtu akiwa "a bollix" ni mbaya wa roho. Kazi ikiwa "bollixed" imeharibika. Mbele ya wakubwa hilo la kuharibu kazi lina mbadala salama: "he made a hames of it". "Hames" ni vile vipande viwili vilivyopinda vya kwenye kola ya farasi wa mkokoteni, na inasemwa kwamba ukivifunga juu chini mzigo hauvutiki. Neno la karakana, halina harufu.

Halafu kuna lile la herufi nne linaloanza na c. Ayalandi, Uskoti na Australia wanaume wanaitana hivyo kwa mapenzi, "he's a sound" fulani, maana yake jamaa poa. Mmarekani akilisikia anadhani ngumi zinafuata. Mgeni usilitumie. Kabisa. Hata wakikuita wao kila siku.

Mjukuu wa Mtani #8

Dada kamaliza nusu ya kazi, lakini orodha ya uzito peke yake itawapoteza watu. Kinachopima ni nani kamwambia nani.

Wao wanaita "slagging". Sisi tunaita utani, na nadhani Waswahili tuna bahati ya kulielewa kuliko Wajerumani. Msukuma akimkuta Mzaramo msibani akamwambia maneno yale, hakuna anayeita polisi. Tofauti ni kwamba kwetu mtani anajulikana kwa kabila au kwa ukoo, mtu anazaliwa nao. Kwao hakuna orodha. Utani unafunguliwa polepole kazini au baa, na dalili kwamba umefunguliwa kwako ni kwamba wameanza kukutukana. Ukiona miezi sita imepita wote wanakuita kwa jina lako vizuri na "please" na "thank you", ujue bado uko nje ya mlango.

Utaratibu: usianze wewe. Ukirushiwa, rudisha cha uzito uleule au chepesi kidogo, upesi, usieleze, usijitetee. Anayejitetea amekasirika, na aliyekasirika ameshindwa. Usimrushie aliye chini yako kazini. Shabaha zinazokubalika ni nywele, gari, timu ya kaunti, kijiji alikotoka, bia anayokunywa. Magonjwa na misiba hapana.

Karani wa Bandari #9

@Mjukuu wa Mtani shukrani, hii ilikuwa imenipita. Kwa hiyo "feck off" ya mtu anayecheka maana yake...

Mjukuu wa Mtani #10

"Acha bwana!" "Wacha wee!" Unamwambia umepata kazi, anakwambia "feck off!" na macho yamemtoka. Anakupongeza. Sawa kabisa na "go 'way!" Tazama sauti: ikipanda mwishoni ni mshangao, ikishuka na kukatika ni mlango.

Babu Tende #11

Ahsanteni nyote. Mimi wa pwani nina neno moja. Hayo ya kinyesi na mapumbu kwetu ni ufedhuli, lakini ni ya duniani. Linalonipa taabu khasa ni kuyaitaita majina matukufu. "Jesus, Mary and Joseph" kikombe kikidondoka! Watu wa dini vile, mbona hilo halina uzito?

Kiboko ya Sarufi #12

Maalim, sheria yao ilikuwa na mawazo kama yako. Sheria ya Kashfa ya 2009, kifungu cha 36, iliweka faini hadi euro 25,000 kwa kukufuru. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani kwayo. Tarehe 26 Oktoba 2018 wakapiga kura ya maoni, karibu asilimia 65 wakataka kosa hilo litoke kwenye katiba, likatoka.

Bibi anayesema "Jesus, Mary and Joseph" yeye mwenyewe atakwambia anaomba, hatukani. Ukizingatia kwamba salamu ya Kiairishi ni "Dia dhuit", Mungu awe nawe, na jibu lake "Dia is Muire dhuit", Mungu na Maria wawe nawe, unaona majina hayo hayajawahi kukaa kanisani tu. Si sisi tunasema "wallahi" sokoni kwa bei ya nyanya?

Babu Tende #13

Hapo kwenye nyanya umenipiga, mwanangu.

Zengwe #14

Mkiongelea sheria msisahau bunge lao. 11 Desemba 2009, ndani ya Dáil, mbunge Paul Gogarty wa chama cha Kijani alimtupia Emmet Stagg wa Labour neno lenyewe, siyo "feck", lile zima, tena baada ya kutanguliza "kwa heshima zote" na kutangaza kwamba anatumia lugha isiyo ya kibunge. Akaomba radhi palepale.

Utamu uko hapa. Watu wakafungua orodha ya maneno ambayo kiti cha spika kiliwahi kuyakataza. Halimo! Yaliyomo ni "brat", "buffoon", "chancer", "corner boy", "coward", "gurrier", "guttersnipe", "hypocrite", "rat", "scumbag", "yahoo". Na "communist".

Chai Maziwa #15

Ati "corner boy", kijana wa kona, imekatazwa na ile nyingine haimo 😂 Hao wabunge hawakuwa wamewahi kufikiria kuna mtu ataitoa.

Dada wa Shannon #16

@Zengwe "chancer" ni neno zuri la kujifunza: mjanja mjanja, mtu wa kubahatisha kwenye mali za watu. Si tapeli kamili. Fundi anayekubali kazi asiyoijua ni "chancer".

Na ndugu yake ni "cute hoor". Hapa pana mtego mara mbili. "Cute" ya Kiairishi siyo ya Kimarekani. Siyo kuvutia, ni ujanja, werevu wa sungura wa hadithi zetu. Na "hoor" ni "whore" kwa matamshi ya mashambani, lakini hutumiwa zaidi kwa wanaume na haisemi lolote kuhusu kitanda. Mwanasiasa wa kijijini aliyepeleka barabara mpaka mlangoni kwake na bado akachaguliwa, huyo ni "cute hoor", na sauti ya anayesema ina nusu ya lawama na nusu ya kumvulia kofia. Ukimfasiria mtu kuwa "malaya mrembo" umeua kila kitu.

Kwa mwanamke usilitumie. Hapo linarudi kwenye maana yake ya mwanzo.

Mwanamaji Mstaafu #17

Linatamkwaje?

Dada wa Shannon #18

Huu-a.

Mwanamaji Mstaafu #19

Hua! Ndege wa amani!

Kiboko ya Sarufi #20

Mod, mfungieni huyu siku tatu.

Turudi. Mmezungumzia Kiingereza chao tu. Kiairishi chenyewe hakitukani sana kwa viungo vya mwili kama Kiingereza, kinaapiza. Ni dua mbaya, na zina sarufi yake. Kwao njaa "iko juu yangu", "tá ocras orm", na laana nayo huwekwa juu ya mtu kwa "ort", juu yako:

"Titim gan éirí ort": kuanguka pasipo kuinuka kuwe juu yako.
"Imeacht gan teacht ort": kwenda pasipo kurudi.
"Marbhfháisc ort": sanda juu yako.

Na ile ndefu, "go n-ithe an cat thú is go n-ithe an diabhal an cat", paka akule, na shetani amle paka. Anahakikisha hata ushahidi haubaki.

Babu Tende #21

Hii ya paka ni kazi ya fundi. Mtu hatamki neno chafu hata moja na bado nywele zinasimama. Sasa naelewa.

Zengwe #22

Na "póg mo thóin" je? Ndiyo pekee watalii wanayoijua.

Kiboko ya Sarufi #23

Busu tako langu. Imo kwenye fulana kuliko kwenye midomo ya watu. Matamshi: pog-ma-hoon, "hoon" ivutwe kidogo kuelekea "hon". "Tóin" ikitanguliwa na "mo" inalainika kuwa "thóin", na th yao ni h tupu. Ukisema "thoin" kwa th ya Kiingereza umetangaza kwamba umeinunua uwanja wa ndege.

Bendi ya London iliyokuwa ikiitwa Pogue Mahone ilibidi ikate jina mwaka 1984 ikawa The Pogues, baada ya wasemaji wa Kigaeli cha Uskoti kung'amua BBC inatangaza nini. Waingereza walikuwa hawana habari.

Kama unataka Kiairishi kinachosikika kweli, chukua "amadán", mpumbavu wa kiume, na "óinseach", mpumbavu wa kike. Usivichanganye.

Chai Maziwa #24

Hata upumbavu uko na ngeli.

Kenya sisi tuna masikio ya Kiairishi kitambo: masista wa Loreto walifika 1921, mapadre wa Kiltegan wako Turkana, Bruda Colm O'Connell yuko Iten tangu 1976. Lakini ile ni lafudhi, si misimu. Darasani mtu anasema Kiingereza cha kitabu. Ndiyo maana mtu aliyefunzwa na masista anafika Cork akiwa na uhakika anaelewa, halafu mtu anamwambia "I will, yeah" na anamsubiri kutwa nzima.

Mjukuu wa Mtani #25

"I will, yeah" ni "THUBUTU!" Herufi kubwa makusudi. "Utanisaidia kuhamisha kabati Jumapili?" "I will, yeah." Haji. Angesema "I will" peke yake, anakuja. Hiyo "yeah" ya mwisho iliyovutwa ndiyo inayoua.

Kiboko ya Sarufi #26

Nyongeza ya sarufi, kwa sababu inahusiana. Kiairishi hakina neno moja la "ndiyo" wala la "hapana". Unarudia kitenzi: "Alikuja?" "Alikuja." Sisi tunafanya vilevile kila siku, "umekula?" "nimekula". Waairishi wakabeba tabia hiyo kwenye Kiingereza: "Did you?" "I did." Sasa "yeah" ikiongezwa juu ya jibu lililokwisha kukamilika, sikio lao linashtuka, na mshtuko huo ndio kejeli.

Dada wa Shannon #27

@Kiboko ya Sarufi sikubaliani, kwa sababu "yeah right" ya Wamarekani inafanya kazi ileile na wao hawakurithi lolote kutoka Kiairishi. Ni mdundo tu.

Ukitaka mfano salama wa kilichotoka Kiairishi, chukua "after": "I'm after breaking the window". Mwingereza anasikia mtu anayepanga kuvunja dirisha. Mwairishi kasema nimetoka kulivunja sasa hivi, kutoka "tar éis". Mswahili ndiye asiyehangaika: nimetoka kula, nimetoka kuvunja.

Zengwe #28

Haya, nipeni asili ya "culchie", maana nimesikia nne tofauti na kila mtu anaapa.

Mwanamaji Mstaafu #29

Mshamba! Mtu yeyote wa nje ya Dublin. Limetoka mji wa Kiltimagh, kaunti ya Mayo. Kwa Kiairishi ni Coillte Mach. Hiyo haina ubishi.

Dada wa Shannon #30

Ubishi unao. Wengine wanasema ni "cúl an tí", nyuma ya nyumba, kwa kuwa watu wa shamba waliingilia mlango wa nyuma. Na wengine "coillte" tu, misitu, bila Mach wala Kiltimagh.

Chai Maziwa #31

Na ya nne ni "agricultural", imekatwa kutoka katikati. Mimi nashika hiyo, ni fupi, na watu wa mji hukata maneno hivyo.

Kiboko ya Sarufi #32

@Chai Maziwa ufupi siyo ushahidi. Kiltimagh ina faida moja: ni mahali halisi palipokuwa mfano wa "mbali kuliko mbali", kama sisi tunavyotaja kijiji fulani kila tukitaka kusema porini. Tatizo lake: kwa nini mji mmoja wa Mayo uwape jina watu wa kaunti zote? "Cúl an tí" ina hadithi tamu mno, na asili ya neno ikiwa tamu mno mimi huanza kuichunguza mara mbili.

Kuna Mmarekani alitoa kitabu 2007 akidai nusu ya misimu ya Marekani, hata "jazz" na "poker", imetoka Kiairishi. Wanaisimu walikikataa, kwa kuwa vifungu vingi vya Kiairishi alivyovitaja havijawahi kutumiwa na msemaji yeyote. Vya kweli vipo bila kulazimisha: "galore" ni "go leor", "smithereens" ni "smidiríní", "whiskey" ni "uisce beatha", maji ya uhai.

Zengwe #33

Na wenye Dublin wao wanaitwaje? Lazima washamba walijibu.

Mjukuu wa Mtani #34

"Jackeen". Jack mdogo. Ile "-een" ni "-ín" ya Kiairishi ya kudogosha, ni "ka-" yetu: kajeki. Hadithi ya baa inasema ni kwa sababu walipeperusha bendera ya Uingereza, ile Union Jack, Malkia Victoria alipowatembelea 1900. Lakini neno lilikuwa limeshachapishwa miongo kadhaa kabla ya ziara hiyo, kwa hiyo bendera imebandikwa baadaye.

Kati ya "culchie" na "jackeen" hakuna anayeumia. Ndiyo shabaha niliyoitaja #8. Mgeni anaruhusiwa kulisema baada ya kuambiwa yeye mwenyewe ni "culchie" wa Dodoma.

Mwanamaji Mstaafu #35

Cork wana "langer", yaani bwege. Walileta askari wa Munster kutoka India, ni yule nyani "langur".

Dada wa Shannon #36

Nyani huyo anatajwa na kila dereva teksi wa Cork. Shida ni kwamba "langer" pia ni dhakari, na "langers" ni kulewa chakari. Nyani mmoja hawezi kubeba vyote vitatu. Limerick wana lao, "gowl", ambalo angalau lina mzazi anayewezekana: "gabhal", panda, yaani katikati ya mapaja. Hilo ni kali, msicheze nalo Limerick.

Chai Maziwa #37

Sawa, na upande wa pili? Mwairishi akiwa nje, nani anamsikia vibaya?

Kiboko ya Sarufi #38

La kwanza siku zote ni "craic". "Where's the craic?" mbele ya askari wa Chicago, anasikia "crack", kokeini. Maana ni stori, habari, raha ya kuwa pamoja: "what's the craic" ni "nipe stori". Na kichekesho: neno lenyewe ni "crack" la Waskoti na Waingereza wa kaskazini, mazungumzo, lililoingia kupitia Ulster, kaskazini mwa Ayalandi. Tahajia ya Kiairishi ilishika kasi miaka ya 1970, na baadhi ya wapenda lugha hadi leo inawakera, wanaiona kama ng'ombe aliyepakwa rangi akaitwa pundamilia.

La pili ni "ride". Mmarekani anaomba lifti, "can you give me a ride", baa yote ya Galway inageuka. Kwao ni ngono, na mtu akiitwa "a ride" anavutia. Ukitaka kupandishwa gari sema "lift". "Shift" ni kubusiana kwa kina, hivyo "night shift" ya wauguzi huleta mizaha isiyoisha.

La tatu, "taking the piss": kumfanyia mtu mzaha. Kuna wanaodhani ni kipimo cha hospitali.

Dada wa Shannon #39

Ongeza zisizo matusi ambazo zinakwamisha watu zaidi. "Deadly" na "savage" ni kali, noma, hatari kwa maana yetu nzuri. "Bold" kwa mtoto ni mtundu, siyo jasiri, na barua ya mwalimu ikisema hivyo usimpe zawadi. "Giving out" ni kufoka, hakuna kinachogawiwa. "Minerals" ni soda. "The guards" ni polisi. "Your man" ni yule jamaa, si mume wako wala mtu wako. "Yoke" ni dude, kitu chochote usichokijua jina, ila vijana usiku wakisema "yokes" wanamaanisha vidonge. "Press" ni kabati.

Mwanamaji Mstaafu #40

Kwenye matangazo ya nyumba naona "hot press". Kabati la moto? Mashine ya kupiga pasi?

Dada wa Shannon #41

Kabati lenye tangi la maji ya moto chini, la shaba, limevikwa koti la kuzuia joto, na rafu za mbao juu yake. Unaweka mashuka na taulo, yanakaa makavu. Nguo mbichi zinazochuruzika usiweke, utapata ukungu ukutani.

Ndani ya tangi kuna "immersion", chuma cha umeme, kwa kawaida cha kilowati 3 hivi. Na hapo ndipo ugomvi mkubwa wa kila familia ya Ayalandi ulipo. Wakisahau kuizima, utasikia maneno yote ya uzi huu kwa mpigo.

Zengwe #42

Nimeiona. Ina swichi mbili, moja ya kuwasha na kuzima, nyingine ya kuchagua "sink" au "bath". Tofauti?

Dada wa Shannon #43

Ni vyuma viwili. "Sink" inawasha kifupi, inapasha maji ya juu tu, yanatosha vyombo. "Bath" inawasha kirefu, inapasha tangi zima. Unataka kunawa mikono umeweka "bath", umechoma pesa. Unataka kuoga umeweka "sink", maji yanapoa una sabuni kichwani.

Mwanamaji Mstaafu #44

Na hiyo taa nyekundu?

Dada wa Shannon #45

Imewaka?

Mwanamaji Mstaafu #46

Imewaka.

Mjukuu wa Mtani #47

JAYSUS.